Mbuzi wa Tawa na Orodha Isiyotaja Jumla

Ninyi mnaopanda hadi huku Kilungu mkiwa na kompyuta mgongoni, mkitaka niwaeleze nilifanya nini miaka yote ile kabla sijaanza kulima maparachichi, kwanza ketini, kisha msicheke. Nilikuwa najenga orodha. Sikujenga benki, wala michezo ya simu, wala mashine zinazozungumza. Mkifungua mfumo wowote wa wavuti mkaona majina yaliyopangwa moja chini ya jingine, na kitufe cha kwenda ukurasa unaofuata, hapo ndipo nilipokuwa nikipatia riziki yangu. Mama yangu aliwaambia majirani kwamba nilisoma chuo kikuu ili nipange majina kwenye mistari, nami sikupata namna ya kumsahihisha, kwa kuwa hakuwa amekosea.

Kazi hiyo nimeiacha katika umri ambao wenzangu walioingia ualimu wangali wanangoja kupandishwa daraja. Sikufukuzwa. Nilihisi tu kwamba juu ya orodha nilikuwa nimeshasema nililokuwa nalo.

Orodha ni kitu kinachodanganya kwa wepesi wake. Iwe ya wagonjwa, ya vitabu au ya mbuzi, hatua ni zile zile: unaleta data, unaipanga, unaikata kurasa, unaichora kwenye skrini. Mtu anayeanza kazi huiandika kila orodha upya. Baadaye huchoka, akaandika klasi moja, yaani ramani ya jumla ambayo kompyuta huitumia kujengea vitu vya aina moja, na kila orodha mpya ikairithi ramani hiyo. Siku hiyo hujiona mwerevu sana. Matatizo yake huanza siku ya pili.

Aliyenifundisha haya ni Bwana Kilonzo, mkuu wangu katika ofisi ndogo tuliyokuwa nayo mjini Wote, ghorofa ya juu, chini yetu kukiwa na duka la matangi ya maji. Alikuwa pia shemasi wa kanisa, na kwa hiyo wateja wetu wengi walimwita Shemasi hata walipokuja kulalamika. Kilonzo alikuwa na klasi moja aliyoiita Orodha. Aliiandika kwa mara ya kwanza Kitui, kwa ajili ya josho la ng'ombe, na tangu hapo kila mfumo tuliouza ulirithi klasi hiyo. Aliitunza kama wanaume wengine wanavyotunza gari. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Kwa kuwa ilizaliwa joshoni, Orodha ilikuwa na kitufe cha kuwaandika mifugo wote kwa mkupuo mmoja kuwa wameogeshwa, na cha kumtumia kila mwenye mnyama ujumbe mfupi. Sasa, kanisa moja la Kikima lilipotuomba mfumo wa watoto wa shule ya Jumapili, Kilonzo aliurithisha Orodha, akabadilisha majina ya safu, akauwasha. Kitufe kilibaki. Mwalimu wa watoto, ambaye alidhani kila kitufe kimewekwa ili kibonyezwe, alikibonyeza. Wazazi wa Kikima wakapata ujumbe kwamba mnyama wao ameogeshwa salama.

Mzazi wa kwanza alifika ofisini kwetu kabla hatujanywa chai.

"Nani ameingiza mtoto wangu kwa maji na hajaniuliza?"

"Mama, hakuna mtoto ameingizwa kwa maji," Kilonzo akamwambia. "Ni kompyuta tu."

"Kompyuta ndiyo imebatiza?"

"Haijabatiza. Imetuma meseji."

"Na huyo mnyama ni nani?"

Kilonzo alikitibu kitufe hicho kwa kukificha: katika klasi ya kanisa aliongeza mstari wa kusema kitufe kisionekane. Mfumo uliofuata ukahitaji kuficha vitu viwili, na uliofuata huo vingi zaidi, hadi kila klasi mpya ikawa inaanza kama kijana aliyerithi nyumba ya babu yake na kulazimika kwanza kutoa viti nje ndipo apate pa kulala. Mkiona klasi zenu zinatumia nguvu nyingi kukana zilichorithi, jueni kwamba mmerithisha kitu kikubwa mno.

Mimi nami nilikuja na maajabu yangu kutoka Nairobi. Niliweka juu ya kila orodha utepe wa herufi, A hadi Z, mtu abonyeze herufi ya kwanza ya jina analolitafuta. Ulipendeza sana hadi tulipoutia majina ya watu wa Makueni, kaunti yetu. Ukibonyeza A, kimya. Ukibonyeza B, kimya. Ukibonyeza M, wanatoka akina Mutua, Musyoka, Mwende, Mutheu, Mumo na Mbithe, ukurasa baada ya ukurasa, wamebanana kama waliokimbia mvua. Kilonzo aliubonyeza utepe wangu herufi moja moja hadi Z.

"Ndunge," akasema, "umejenga jumba la vyumba vingi, na watu wote wako jikoni."

Tuliuondoa, tukaweka kisanduku cha kutafutia, na kando ya kila jina tukaandika soko lililo karibu na kwao. Hilo likafaa. Jengeni kwa majina ya watu mtakaowahudumia, kwa sababu majina ya mfano yaliyomo vitabuni hayafugi mbuzi Tawa.

Nimeitaja Tawa, nami huko ndiko nilikotaka kufika. Tawa nusura inirudishe Nairobi.

Ofisi yetu ilikuwa imepungukiwa. Wateja walikuwa wakituacha mmoja mmoja, wakienda kwa mifumo ya simu iliyokuja ikiwa tayari, na mteja mkubwa aliyebaki alikuwa chama cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa wa Tawa. Walikuwa wamekubali kuujaribu mfumo wetu, kisha mkutano mkuu uamue kama watauchukua au wataukataa. Kilonzo hakunizungusha. "Tawa wakikataa, nafunga hii mlango," alisema. "Mimi nitaenda kuuza matangi na huyu wa hapa chini. Wewe bado uko na Nairobi."

Ni kweli Nairobi ilikuwapo. Mtu niliyesoma naye alikuwa ameniwekea nafasi katika kampuni ya kuchora vitufe vya mabenki, naye alitaka jibu langu jioni ya siku ile ile ya mkutano. Sikuitaka. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa hiari yangu, mama yangu alikuwa ameanza kusahau sufuria motoni, na nilikuwa nimeshazoea kufanya kazi dirisha likiwa wazi. Lakini mtu hawezi kuishi kwa dirisha. Kwa hiyo niliuhudumia mfumo wa Tawa kama anayeuguza.

Simu ya kwanza ilitoka kwa Mama Mwikali, mwenyekiti wa chama, mwanamke mrefu asiyependa salamu ndefu.

"Ndunge."

"Naam, mama."

"Mbuzi zangu ziko wapi?"

"Si ziko kwa boma, mama?"

"Simu inasema hakuna mbuzi."

"Hebu ngoja kidogo utaona."

"Nimengoja. Saa hii zimerudi. Zilikuwa zimeenda wapi?"

Zilikuwa njiani. Mtandao kule ulikuwa wa polepole, na klasi ya Kilonzo, kabla data haijafika, iliona orodha tupu ikatangaza kinachotangazwa kwa orodha tupu: Hakuna mbuzi. Mama Mwikali alikuwa ameusoma ujumbe huo akiwa jikoni, akakimbilia zizini na mwiko mkononi. Kumbukeni jambo hili hata mkiyasahau mengine yote. Orodha inayosubiri si orodha tupu, na iliyoshindwa kuleta data si tupu wala haisubiri. Kila hali ipeni sura yake na maneno yake. Kilonzo aliniruhusu nibadilishe maneno, maana maneno hayakuwa klasi, nami nikaandika: Tunawaleta mbuzi wako.

Simu ikalia tena.

"Inasema inawaleta. Inawaleta kutoka wapi? Mbuzi zangu hazitembei."

Nikaandika: Subiri kidogo. Maneno hayo yapo hadi leo, na sijasikia mtu aliyeyapinga.

Hayo yalikuwa madogo. Jambo lililotukosesha usingizi ni kwamba wanachama hawakuandika mbuzi wao wote. Kila mmoja aliandika wachache, karibu idadi ile ile kwa kila nyumba, kama waliokubaliana, huku maziwa yaliyofika stoo yakiwa mengi kuliko yanayoweza kutoka kwa mbuzi hao. Kwa kumbukumbu zile daktari wa mifugo hakuweza kupanga chanjo, na chama hakingekuwa na sababu ya kutuchukua. Kilonzo aliamini kwamba watu hawajaelewa simu, akataka tuwape mafunzo mengine. Mimi nikaenda Tawa kutazama mtu akiitumia.

Nilimkuta Mama Mwikali dukani kwa Abdi, mfanyabiashara wa mifugo aliyetoka upande wa kaskazini mashariki akakaa Tawa muda mrefu kiasi cha kukosana na majirani kwa Kikamba. Mama Mwikali alinipa simu yake niitazame. Sehemu ya juu ya skrini ilikuwa imebandikwa plasta, ile ya kufungia kidonda.

"Kioo kimevunjika, mama?"

"Kioo ni kizima. Nimefunika ile kitu."

"Kitu gani?"

"Ile inahesabu."

Niliibandua. Chini yake palikuwa na fahari ya Bwana Kilonzo, tarakimu nene ya kijani iliyokaa juu ya kila orodha tuliyopata kuijenga: Jumla ya mbuzi wako. Kila alipofungua simu, kabla hajamwona hata mbuzi mmoja kwa jina, iliwahesabu wote na kumtolea jibu usoni.

Mimi ni Mkamba. Nilikua nikijua kwamba kwetu mtu hasimami zizini akahesabu mifugo wake kwa sauti, wala haulizwi idadi yao, kwa sababu kinachohesabiwa huanza kupungua. Jambo hilo nililijua kama ninavyojua njia ya kwenda kisimani, kwa miguu. Halikunijia nilipokuwa nimeketi mbele ya kompyuta.

"Kila mtu amefunika?" nikauliza.

"Wengine plasta, wengine selotepu. Wengine wameona heri waandike mbuzi kidogo, ikihesabu, ihesabu hizo."

Abdi alikuwa akicheka nyuma ya mizani. "Hata sisi, dada. Ukiuliza mzee ako na ngamia ngapi, anakuangalia kama mtu wa kuiba."

"Lakini wewe Abdi unanunua kwa hesabu."

"Nanunua moja. Halafu nanunua ingine."

Nilimgeukia Mama Mwikali, nikajaribu njia ya kanisa. "Mama, si wewe umeokoka?"

"Mimi nimeokoka," akasema. "Mbuzi haijaokoka."

Nilirudi Wote nikiwa na plasta ile mfukoni, nikaiweka mezani mbele ya Kilonzo. Aliitazama kama risiti asiyoitambua.

"Hayo ni mambo ya kale," akasema. "Orodha bila jumla ni nini? Ni majina yametupwa kwa ukuta. Na daktari atabeba chanjo ya mbuzi wangapi, atakisia?"

Hapo alikuwa na haki, nami nikamwambia hivyo. Daktari alihitaji idadi. Mwenye mbuzi hakuihitaji.

"Basi andika klasi nyingine, irithi hii, ifiche jumla."

"Tumeshaficha vya kutosha," nikasema. "Tuitoe. Orodha ibaki na kazi ya kuonyesha mistari tu. Jumla iwe kitu kando, kinachojitegemea. Akiingia daktari, tunaikabidhi orodha kitu hicho. Akiingia mwenye mbuzi, hatuikabidhi. Orodha yenyewe isijue hata kama jumla ipo duniani."

"Hii klasi niliiandika wewe ukiwa sekondari."

"Ndiyo maana bado inaogesha watoto."

Hakunipa ruhusa. Niliijenga hata hivyo, kando, na ikawa nyepesi kiasi cha kunishangaza: orodha iliyokuwa haina lolote ila mistari, na vijenzi vidogo vidogo unavyoipa kadiri ya anayeitazama, cha kutafuta, cha kurasa, cha jumla, cha kuogesha kwa wenye josho. Nilipomwonyesha, Kilonzo alisema hatuwezi kwenda mbele ya mkutano mkuu na kitu kisichojulikana. Tungekwenda na kile cha siku zote.

Mkutano ulifanyika nje ya stoo ya maziwa. Tulielekeza projekta kwenye ukuta uliokuwa ndani ya mlango, penye giza, watu wakakaa kwenye mabenchi uani. Kilonzo alivaa suti. Alieleza vizuri, kwa sauti ya mimbarini, kisha ili kuwaonyesha wanachama uzuri wa mfumo akaifungua orodha ya mwenyekiti mwenyewe. Ukutani, kubwa kama mlango, ikatokea ile tarakimu ya kijani.

Mama Mwikali aliinuka, akafungua leso yake kiunoni, akaenda akaifunika projekta yote.

"Shemasi, zima hiyo."

"Mama, hii ni hesabu tu. Huwezi kupanga dawa bila kujua idadi."

"Sawa. Nikuulize kitu, na tuko watu wa kanisa moja."

"Uliza."

"Wewe uko na watoto wangapi?"

Hakuna aliyekuwa pale asiyewajua watoto wa Kilonzo. Alikuwa amewabeba wote kwa zamu akiwapeleka mbele ya madhabahu. Alifungua kinywa kujibu, na nikaliona jibu likifika hadi menoni, likageuka.

"Mungu ametujalia," akasema.

"Sijauliza nani amekujalia. Nimeuliza ni wangapi."

"Wako... wako wa kutosha, mama."

"Iandike kwa kijani, Shemasi," Abdi akasema kutoka nyuma, ambako alikuwa amekuja kutazama tu.

Uani hapakuwa na aliyejizuia kucheka. Kina mama waliegemeana mabegani. Mzee mmoja alilazimika kuvua kofia ili apate kufuta macho. Kilonzo alisimama katikati ya kicheko hicho kama mtu anayesubiri basi, kisha na yeye kikampata, kidogo kidogo, kuanzia tumboni. Aliketi kwenye kreti ya chupa.

"Ndunge," akasema alipopata pumzi, "ile yako iko?"

"Iko."

"Iweke."

Niliiweka hapo hapo, huku watu wakigawiwa chai. Mama Mwikali alitwaa leso yake mwenyewe, polepole, akiwa tayari kuirudisha. Ukutani yakatokea majina ya mbuzi, mstari juu ya mstari, bila neno lolote juu yao: Chapati, Maua, Kahawa, na mmoja aliyeitwa Shemasi. Mama Mwikali alieleza kwamba ni kwa sababu ya ndevu. Daktari wa mifugo, aliyekuwa ameketi kando, alifungua simu yake, akaiona jumla yake, akairudisha mfukoni bila kumtazama mtu.

Ilibaki kura. Katibu alianza kusema wanaokubali wainue mikono ahesabu.

"Hatuhesabu watu," Mama Mwikali akamkatiza. "Wenye wamekubali waende upande ule wa stoo. Wenye wamekataa wabaki hapo walipo. Tutaona kwa macho."

Ilikuwa saa saba mchana. Upande ule wa stoo bati lilikuwa limetokeza nje na kutandaza kivuli kizuri, kipana, chenye upepo; hapo walipo palikuwa na jua lililokuwa limewachoma tangu asubuhi. Mkutano mzima ukainuka. Walikwenda wazee na mikongojo yao, walikwenda kina mama na vikombe vyao vya chai, alikwenda hata mzee mmoja aliyekuwa ametusema vibaya muda wote wa majaribio, wakajipanga ukutani wakijipepea. Mabenchini hakubaki mtu.

Kilonzo aliniinamia. "Wametukubali sisi, ama wamekubali kivuli?"

"Usiulize, Bwana Kilonzo."

"Katibu," Mama Mwikali akasema kutoka kivulini, "andika wamekubali."

Nilimtazama katibu mpaka alipoandika na kupiga mstari chini. Kisha nikazunguka nyuma ya stoo, nikampigia yule wa Nairobi, nikamwambia asiningoje.